Joto Ndani ya Kasha la Amana

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Mwalimu Praxeda ni mkono wake. Kabla hajawasha kitu chochote, hukigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima homa mtoto aliyelala. Hugusa birika kabla ya kumimina chai. Hugusa simu kabla ya kuiweka sikioni. Hata pikipiki iliyomleta, akishashuka, huiwekea mkono ubavuni kidogo kisha akaenda zake bila kusema neno. Watoto wa Shule ya Msingi Mikokoni wamekwisha kumwigiza. Wakati wa mapumziko hugusana vipaji vya uso kwa migongo ya mikono na kuambiana kwa sauti nzito ya kiualimu, "Wewe, mbona wachemka?"

Tabia hiyo aliitoa kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchambulia mkonge kiwandani. Praxeda alizaliwa kambini, kwenye mistari ya nyumba za wafanyakazi katika shamba moja upande wa Muheza, na baba yake, Zebedayo, alikuwa mtu wa kutia mashine mafuta. Kila asubuhi, kabla mkanda haujaanza kuzunguka, Zebedayo alipita akigusa kila beringi. "Mashine ni kama mtu," alimwambia binti yake. "Huanza kuumwa kabla haijalia." Siku moja aligusa beringi akaikuta ina moto usio wa kawaida. Akamwendea msimamizi. Msimamizi akatazama shehena ya majani iliyokuwa ikingoja, akasema, "Malizia kwanza hizi." Praxeda, wakati huo yuko darasa la nne, alikuwa njiani kumpelekea baba yake uji alipoona moshi ukitoka chini ya bati. Zebedayo alitoka kwa miguu yake. Ayubu, mwenzake wa tangu ujana, alitoka amebebwa, na hakufika hospitali.

Tangu siku hiyo Praxeda hakuyapenda maneno yale mawili, malizia kwanza. Alisoma, akapita chuo cha ualimu, akapangiwa Mikokoni, kitongoji kidogo cha wavuvi na wakulima wa mwani mbele ya Kigombe. Alipangiwa hesabu. Baadaye, kwa kuwa alikuwa kijana na haogopi waya, akaongezewa kazi ya pili: kuwasaidia walimu wenzake kufundishia vishikwambi, zile kompyuta bapa zenye kioo cha kugusa ambazo shule ilikuwa imepokea na ambazo, mpaka anafika, hakuna mtoto aliyekuwa ameziona.

"Mimi na hicho kidude, hapana," alisema Mwalimu Hasina siku ya kwanza, akikisukuma kishikwambi kwa ncha ya kalamu. Hasina ndiye mwalimu wa taaluma na ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote pale. "Nyie mwakiita kishikwambi, mimi nakiita kishika roho. Nikikivunja niuze nini? Nimuuze Rama?"

Rama ni mumewe. Chumba cha walimu kizima kikacheka.

"Rama hata kwa mnada hapati mteja," alisema Mwalimu Tahiri wa darasa la nne.

"Afadhali wangu bado nnaye. Wewe mkeo alishakuuza siku nyingi, huna habari tu."

Praxeda hakutoa hotuba juu ya maendeleo ya sayansi. Alikuwa amezisikia hotuba hizo chuoni na aliona jinsi zinavyowafanya watu wazima wajione wajinga. Alimwomba Hasina awaimbie watoto wimbo wa silabi, ule aliouimba kila asubuhi ya maisha yake ya kazi. Hasina akaimba. Kisha Praxeda akabonyeza, na kishikwambi kikaimba kwa sauti ya Hasina.

"Huyo nani anayekoroma hivyo?"

"Ndiye wewe, dada."

Hasina akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. "Rudia," akasema.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Haukupita muda Hasina akawa anawarekodi watoto wakisoma, na mmoja wao, kabinti kaitwako Mwanamkasi ambako hakakuwahi kutoa sauti mbele ya darasa, kalipojisikia kenyewe kakisoma "mama anapika wali" kalicheka mpaka kakajificha chini ya dawati. Tahiri akaanza kuonyesha picha za mito na milima. Mwalimu mmoja baada ya mwingine alikuja kumvuta Praxeda pembeni na kumuuliza kwa kunong'ona, kama mtu anayeuliza dawa ya maradhi ya aibu, kidude hiki huzimwaje. Praxeda aliwajibu wote kwa kunong'ona vile vile. Alijua kwamba ujasiri wao ulikuwa mbichi. Tukio moja baya lingetosha, na wasingevigusa tena maisha.

Lakini kila siku, kabla ya alasiri, vishikwambi vyote vilirudi kashani.

Kasha lenyewe ni la mvule, lenye misumari ya shaba na vishikio viwili ubavuni. Lilikuwa la marehemu mama yake Mwalimu Hatibu, mwalimu mkuu, mtu wa asili wa Mtang'ata, mwambao uo huo, mpole, anayetembea polepole na kanzu isiyo na doa. Mwalimu Hatibu alipopokea vishikwambi hakuviona kama vifaa. Aliviona kama amana, na kwao amana haina mahali pengine isipokuwa kashani. Alichana kanga kuukuu, akavifunga kila kimoja katika kipande chake. Kabla ya kuvifunga alivifukiza vipande vile kwenye chetezo, kama nguo za harusi zinavyofukizwa, na katikati yake akatia vijiti vya udi na karafuu kuzuia ukungu wa bahari na macho ya watu. Umeme ulipofika, alitoboa tundu nyuma ya kasha, akapitisha waya wenye soketi nyingi. Hivyo vikawa vinachajiwa humo humo, gizani, ndani ya nguo, kifuniko kimefungwa na ufunguo uko shingoni mwake. Kasha lilisimama ofisini, limeegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo ni darasa la awali.

Praxeda aliyaona yote hayo mwezi wake wa kwanza na hayakumpendeza. Lakini Mwalimu Hatibu alimpokea kama mwanawe, akamtafutia chumba, na kila alipofungua kasha ofisi nzima ilinukia vizuri hata wageni wakasifu. Msichana wa kambini, Mkatoliki, angeanzia wapi kumwambia mzee wa Mtang'ata kwamba udi wake haufai?

Kisha, mwezi wa Ramadhani, kishikwambi cha Hasina kikakataa kulala mezani.

Hasina alikiweka juu ya dawati kikayumba, upande huu, upande ule, kama mtumbwi ufukweni. Watoto wakacheka. Naye akacheka. "Kimeshiba hiki! Sisi tumefunga, chenyewe kinakula mchana." Akamwita Praxeda aje aone maajabu.

Praxeda alikuja, akakigusa kwa mgongo wa mkono. Kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi, na kilikuwa na joto. Mgongo wake ulikuwa umetuna. Pembeni, kioo kilikuwa kimeanza kuachana na fremu, na katika ule ufa, Praxeda aliponusa, palitoka harufu tamu, nyembamba, isiyokuwa udi wala karafuu. Kipande cha kanga kilichokifunga kilikuwa kimekatwa katikati ya maneno yake. Yalibaki mawili tu: NGUONI MWAKO.

Hakuwaambia watoto kitu. Alikibeba kwa mikono miwili hadi ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umenyauka hivyo? Umeamua kufunga na sisi?"

"Mwalimu, hiki kimevimba. Betri yake inaumwa. Na sidhani kama ni hiki peke yake."

Mwalimu Hatibu alikipokea, akakigeuzageuza. "Tanga hii, mwanangu, hata milango huvimba. Ikivuma kaskazi, mlango wa msikiti wetu haufungi."

"Mlango ukivimba hauwaki moto."

Praxeda alitamani arudishe sauti yake. Mzee hakukasirika. Alikaa, akauvuta ufunguo kutoka kifuani na kuushika mkononi.

"Unamjua mwenzangu wa shule ya kule juu? Walimvunjia dirisha wakaviondoa vyote. Hakuna aliyesema ni mwizi. Hakuna! Lakini alipopita sokoni, watu walikuwa wakinyamaza. Mtu mwenye heshima zake, Praxeda. Mpaka akaomba uhamisho. Mimi nastaafu mwaka huu. Nataka niikabidhi amana kama nilivyoipokea."

"Basi tusivichaji humo ndani. Tuviweke mezani, nguo tuziondoe, dirisha liwe wazi."

"Dirisha wazi!" Alishangaa kama aliyeambiwa avue kanzu mnadani. Kisha akatabasamu kwa upole. "Jumatatu baada ya Idi tunao wageni kutoka mkoani, waje waone walimu wangu wanavyofundisha. Kazi yako wewe hiyo, ati! Wakishaondoka tutavitoa, tutavitazama kimoja kimoja. Malizia kwanza hili la wageni."

Praxeda aliyasikia maneno yale kwa sauti nyingine, katika kelele za mkanda na mvumo wa korona. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusimama chumba cha walimu akatangaza. Lakini aliwaona walimu wake mmoja mmoja wakiondoa vidole, akamwona Hasina akikisukuma tena kidude kwa ncha ya kalamu, akaiona Jumatatu ya wageni ikiwa meza tupu. Akaitikia. Aliomba jambo moja tu: Mwalimu asikirudishe kile kilichovimba pamoja na vingine, na kabla ya kuondoka kwenda Idi, achomoe waya.

"Nitachomoa, inshallah," alisema Mwalimu Hatibu.

Kile kilichovimba Praxeda alikifukia mwenyewe ndani ya ndoo ya mchanga nyuma ya vyoo. Kila alfajiri alikwenda kuitazama ndoo. Mama yake, Consolata, alipompigia simu Jumapili na kumuuliza anaota nini siku hizi, alisema haoti.

Siku ya pili ya Idi, shule imefungwa, Hasina alimwalika pilau. Praxeda alishika njia ya mkato inayopita nyuma ya madarasa. Kutoka mbali alisikia dufu. Watoto wa kitongoji walikuwa wameazimwa darasa la awali wafanye mazoezi ya kaswida yao ya jioni, na walikuwa wamejaa humo, wadogo kwa wakubwa, kanzu mpya na magauni yanayomeremeta, wakiyumba pamoja. Praxeda akatabasamu. Ndipo jicho lake likaangukia dirisha la ofisi. Ndani, chini karibu na sakafu, ilikuwa inawaka taa ndogo nyekundu ya soketi.

Hakumbuki jinsi alivyofika kwa Hasina. Anachokumbuka ni Hasina akiwa ameshika upawa.

"Karibu, shoga. Ndio nini kukimbia, pilau haina mabawa."

"Ufunguo wa ofisi unao?"

"Wa ofisi ninao. Wa kasha umekwenda Mkwaja shingoni mwa mwenyewe, kamfuata dada yake. Kuna nini?"

"Twende."

Hasina alitaka kufanya mzaha mwingine, akaona uso wa mwenzake, akaweka upawa chini. Alipoufungua mlango wa ofisi, udi uliwapokea, mzito, mtamu kama siku zote. Hasina akasita kizingitini. Akanusa mara ya pili.

"Nani kapaka rangi ya kucha humu?"

Praxeda alikwisha kuchomoa waya. Taa nyekundu ikazimika. Akapiga magoti mbele ya kasha, akaweka mgongo wa mkono juu ya kifuniko, na papo hapo akauondoa. Mvule ni mti mzito, haupitishi joto upesi. Kama joto lile lilikuwa limeshafika juu ya ubao, huko ndani kukoje? Upande wa pili wa ukuta dufu likapigwa, likanyamaza kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo walisikia kitu kikigota mle kashani, kidogo sana, kama kaa anayetembea ndani ya kifuu.

"Watoe watoto," alisema Praxeda.

"Leo Idi, shoga. Nitawaambia nini?"

"Chochote. Wafike mwisho wa uwanja."

Hasina aliutazama mkono wa Praxeda, jinsi alivyoushikilia kifuani kama umeungua. Hakuuliza tena. Dakika hiyo hiyo sauti yake ilivuma mlangoni mwa darasa la awali, sauti ile ile ya wimbo wa silabi: "Haya, dufu nje! Mwaniumiza kichwa na Idi yote hii! Hadi goli la mwisho, na atakayebaki nyuma simpi pilau!" Watoto wakamwagika nje kwa vifijo. Hawakujua wanakimbia nini.

Praxeda akapiga simu Mkwaja. Ilikatika. Akapiga tena. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na vicheko na sahani.

"Idi mubaraka, mwanangu."

"Mwalimu, hukuchomoa."

Vicheko vikawa mbali. Mzee alikuwa ametoka nje. "Nilisema nichomoe," alisema taratibu. "Kisha nikasema, Jumatatu wageni, acha vijae. Watoto wako wapi? Leo wana mazoezi pale."

"Wametoka. Kasha linachemka."

Praxeda alijiandaa kusikia habari za kasha la marehemu mama. Mzee akasema, "Sikiliza. Msilivunje. Si kwa ajili ya mama, mama Mungu amrehemu. Kitasa chake kimezama ndani ya ubao. Mkipiga nyundo mtavipiga vilivyomo. Litoeni nje, mbali na nyumba. Nakuja na ufunguo." Kisha, kwa sauti ambayo Praxeda hakuwahi kuisikia kwake: "Ulinambia, Praxeda."

Rama alikuja na wavuvi watatu waliokuwa wakicheza bao. Praxeda alipowaeleza kilichomo, mmoja wao alirudi nyuma hatua, kisha akaona haya akarudi. Wakapitisha miti miwili kwenye vishikio vya shaba, wakainua polepole, mabegani, bila kutikisa. Walipotoka nalo mlangoni, wakivuka uwanja kwa hatua fupi fupi na kimya, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya jirani alisimama kwa mazoea, akaanza kusogeza midomo, kama mtu afanyavyo jeneza linapopita. Mkewe akamvuta kanzu. Mzee hakukaa.

Wakaliweka katikati ya uwanja, juu ya mchanga mtupu.

"Tulimwagie maji?" aliuliza Rama.

"Maji hapana. Mchanga. Ndoo zote mlizo nazo, zijae, ziwe karibu. Na nyie mkae mbali."

Mchanga ukaletwa. Kanga za Idi zikasimama mstari mrefu pembezoni mwa uwanja, na mbele yao watoto na madufu yao yasiyopigwa. Tahiri akaja, na walimu wengine wawili waliosikia. Hakuna aliyemtania mwenzake. Praxeda aliwaona wakilitazama kasha, kisha wakimtazama yeye, akajua kwamba chochote kitakachotoka humo leo ndicho watakachokumbuka kila watakapoambiwa, kamata kidude hiki ukafundishie.

Simu ya Mwalimu Hatibu iliingia, fupi, yenye upepo: ameshavuka mto Pangani, yuko juu ya pikipiki. Kisha mtandao ukaondoka.

Hasina akaja kukaa karibu na Praxeda mchangani, na nguo yake mpya, bila kujali.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu mtafundisha."

"Kwa kitu gani, shoga?"

"Kwa vitakavyopona. Na vitalala mezani, dirisha wazi."

Hasina akakung'uta mchanga viganjani. "Basi mimi nitakishika," alisema. "Lakini nitakigusa kwanza. Kama wewe."

Jua lilikuwa limeinama, na vivuli vya minazi vilianza kulifikia kasha. Kutoka kwenye tundu la ufunguo kulipanda kitu chembamba kama uzi, huenda moshi, huenda vumbi la watu waliosimama. Harufu ya udi ilikuwa imefika hadi kwa watoto. Praxeda akashika ndoo yake ya mchanga kwa mikono yote miwili na kuigeuzia macho barabara ya Pangani. Kabinti Mwanamkasi, aliyepanda juu ya ukuta wa kisima, ndiye aliyekuwa na masikio kuliko wote. Aliinua kidole.

"Pikipiki," alisema kwa sauti kubwa, mbele ya kitongoji kizima.

Watu wote wakageuka kuitazama njia aliyokuwa akija nayo Mwalimu Hatibu na ufunguo wake.